Mume wangu akilala ananipa mgongo: ndiyo kanichoka?

*"Assalaam alaykum daktari. Nna miaka 31, niko kwenye ndoa mwaka wa saba, watoto wawili, na mdogo ana miaka miwili bado analala kati yetu. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Siku za giza usiku yuko baharini, siku za mbalamwezi ndiyo analala nyumbani. Mwezi uliopita nilirushiwa kwenye simu picha za mke na mume wamelala mitindo minane, kila mtindo na maana yake. Ule wa mume kumpa mke mgongo umeandikwa 'penzi limekwisha, anamuwaza mwengine'. Tangu siku hiyo sina raha. Mume wangu kila akilala hutia udhu, husoma dua zake, halafu ananipa mgongo. Mimi nalala ukutani, yeye nje. Usiku wa manane nikishtuka namkuta kashuka chini, kalala mkekani. Akirudi kitandani anakoroma mpaka mtoto anaamka, mara kimya kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa, basi mimi ndiyo silali tena. Mwanzo wa ndoa alikuwa akinilaza mkononi mwake mpaka alfajiri. Wiki mbili sasa na mimi nimegeuza mto, nalala mzungu wa nne, miguu yangu kichwani kwake, labda atauliza. Hajauliza. Somo yangu kanambia nifukize udi na nitandaze asumini. Nimefanya, akasema chumba kina moshi. Je, huyu kanichoka? Au ndiyo ananihama malazini? Nachelea anataka kuoa."*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifuata khofu yako: mgongo, mkeka, mke wa pili. Mara ya pili nikakamatwa na sentensi moja uliyoipitisha haraka kama jambo dogo, kwamba hukoroma, mara akawa kimya kabisa, halafu akashtuka kama mtu aliyekabwa. Mgongo wa mumeo haukunitia wasiwasi. Hilo limenitia. Nitalifikia, na nakuomba usiishie njiani.

Kwanza hiyo picha. Mambo ya kuisoma ndoa kwa namna watu wanavyolala si ya jana. Daktari mmoja wa maradhi ya akili wa New York, Samuel Dunkell, aliandika kitabu kizima juu ya milalo mwaka 1977, na magazeti ya Ulaya na Marekani hayajachoka kuyarudia. Mwaka 2014, katika tamasha la sayansi la Edinburgh, Profesa Richard Wiseman wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alitoa majibu ya watu wapatao 1,000 waliokuwa wameulizwa wanalala vipi na wenzi wao. Mtindo ulioongoza ulikuwa ni wa migongo: asilimia 42 walisema wanalala mgongo kwa mgongo. Wanaolala wakitazamana uso kwa uso walikuwa asilimia 4 tu.

Kuna nambari nyengine ambazo mtu akitaka kukutisha atakuonesha. Miongoni mwa waliosema hugusana usiku, asilimia 94 walikuwa na furaha na wenzao, na miongoni mwa wasiogusana, asilimia 68. Tofauti ipo, siikatai. Lakini itazame hiyo 68 yenyewe. Zaidi ya theluthi mbili ya watu ambao usiku kucha hata kidole hakigusi kidole wanasema wako radhi na ndoa zao. Tena hawa waliulizwa tu, hakuna aliyekaa macho kuwachungulia, na kumuuliza mtu mara moja hakukuelezi kipi kilitangulia. Waliogombana hawagusani, hilo halihitaji profesa. Ila si kila asiyegusana kagombana. Na Edinburgh, mwanangu, watu wanakumbatiana kwa baridi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: aliyechora picha ile hajapata kulala chumbani kwako mwezi wa Februari ndani ya chandarua. Hayo ya "anamuwaza mwengine" ni chumvi ya mpitishaji. Hakuna chombo duniani kinachopima mtu anamuwaza nani kwa kuutazama mgongo wake.

Usingizi huja kwa mizunguko, kila mmoja wa yapata dakika 90. Baina ya mzunguko na mzunguko usingizi huwa mwepesi, na hapo ndipo mtu anapojigeuza, kwa sababu bega limechoka, nyonga imebanwa au joto limezidi. Mtu mzima hujigeuza mara kumi na zaidi kwa usiku mmoja, na asubuhi hakumbuki hata moja. Zikija ndoto, ubongo huilegeza karibu misuli yote isipokuwa ya macho na ya kupumulia. Mtu huwa kama pono mwambani. Aliye katika hali hiyo hawezi kumpa mtu mgongo wala kumnyima. Mlalo ambao mtu huuchagua ni ule mmoja anaoingia nao usingizini.

Na wa mumeo umenieleza wewe mwenyewe bila ya kujua. Umesema hutia udhu, akasoma dua, akalala. Mimi si shekhe, lakini nimekulia nyumba za Unguja na najua kinachofuata: hulalia ubavu wa kulia, kama ilivyo katika hadithi ya Baraa bin Azib iliyomo ndani ya Bukhari. Sasa ingia chumbani ufanye jaribio. Jilaze chali pale anapolala yeye, kichwa mtoni. Geukia kuliani kwako. Unatazama nini? Bila shaka mlango, au kabati, au feni. Nyuma yako kuna mahali pako na ukuta. Kama analalia kulia na wewe wa ukutani unauona mgongo, basi ukuta uko kushotoni kwake, haiwezi kuwa vyengine. Anayelalia kulia humpa mgongo aliye kushotoni kwake, awe mke, mto au ukuta. Waliokuleteeni kitanda wakakisukuma kwenye pembe ile, hao ndio waliokugeuzia mgongo! Kingesukumwa ukuta wa pili, mume huyo huyo na udhu huo huo, ungekuwa kila usiku unatazamana na ndevu zake.

Huna haja ya kubomoa chumba. Badilishaneni, yeye aende ukutani na wewe uje nje. Ubaya wake ni kwamba akitaka kushuka usiku itabidi akuruke, na ukutani upepo wa feni haufiki vizuri. Pengine atakataa, na akikataa atakupa sababu, ambayo ni zaidi ya ulichopata kwa wiki mbili.

Maana kuhusu mkeka, mimi namuelewa kabisa. Ili mtu alale vizuri, joto la ndani ya mwili hushuka kiasi cha nyuzi moja hivi, na mwili hulitoa kwa ngozi, hasa viganja na nyayo, na kwa jasho linapokauka. Kaskazi likishika, Disemba mpaka Machi, hewa yetu imejaa unyevu na jasho halikauki, linatiririka tu. Juu ya hapo weka godoro la sponji, chandarua kinachoupunguza upepo wa feni, mtoto wa miaka miwili anayechemka kama birika, na mke. Bibi zetu walilalia kitanda cha kamba, upepo ukipita kwa chini. Sisi tumejifungia kwenye sponji halafu tunashangaa. Sakafu ya saruji hulinyonya joto upesi kuliko godoro, kwa hiyo mtu akiwa nusu macho hushuka bila kufikiri, kama paka atafutavyo kizingiti. Unakumbuka umeme ulipozimika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010? Watu walilala mabarazani, milango wazi, baba huku, mama kule. Kwa hesabu ya picha yako, kisiwa kizima kingekuwa kimeachana. La kumsema nalo ni jengine: chini pale hana chandarua, na mbu hajui kama yule ni mume wa mtu.

Kitanda chenyewe hukunambia ni nne kwa sita au tano kwa sita. Hata kikiwa tano, kila mmoja wenu ana futi mbili na nusu, na mtoto akiwa kati hizo zote ni zake, kwa sababu watoto hulala kwa mapana. Miaka miwili anatosha kuwa na godoro lake pembeni, na chandarua chake.

Na kuna mwezi. Mtu aliyekesha na taa baharini siku zote za giza, mwili wake umeshazoea kuwa macho saa nane za usiku. Likija mbalamwezi akabaki nyumbani, saa ya mwili hairudi kwa amri. Husogea taratibu, yapata saa moja kwa siku. Kwa hiyo siku zile zile unazomtarajia ndizo ambazo usingizi wake haujakaa sawa, na unapokaribia kukaa, giza limerudi na chombo kinashushwa.

Ule mkono wa mwanzo wa ndoa usiulilie sana. Kichwa cha mtu mzima kikilala juu ya mkono wa juu usiku kucha hubana mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa, na wapo wanaoamka kiganja kimelegea, hawawezi kukinyanyua, ikachukua wiki kurudi. Madaktari wa Kizungu wameupa ugonjwa huo jina la fungate. Wanaume wengi husita kwa sababu mkono unakufa ganzi. Moyo haumo.

Sasa lile la koo.

Mtu akilala, ulimi na misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa inabaki nyembamba, hewa inapita kwa kuzitetemesha nyama laini, na huo ndio mkoromo. Kwa baadhi yao njia hujifunga kabisa. Kifua kinavuta, hewa haiingii, mkoromo unakatika. Hiyo ndiyo kimya unayoisikia. Zinapita sekunde 10, 20, pengine zaidi, oksijeni ndani ya damu inashuka, ubongo unastuka, mtu anaamka nusu na kuvuta pumzi kwa kishindo, kisha anazama tena. Penye hali nzito hutokea makumi ya mara ndani ya saa moja. Sisi huku tukimuona tunasema jinamizi limemkaba, tunamsomea, asubuhi anaondoka amechoka kuliko alivyolala. Kusomewa ni kheri, sikukatazi. Lakini koo halifunguki.

Hali hii ikiachwa hupandisha presha na kuuchosha moyo. Humfanya mtu aamke na kichwa kizito, asinzie mchana, aende haja ndogo mara kwa mara usiku, awe mkali kwa jambo dogo. Na, nikwambie kwa vile huenda somo yako hatakwambia, huweza kupunguza hamu ya mwanamme na nguvu zake. Huyo atakwepa kitanda kwa haya kabla hajakikwepa kwa kuchoka, na mkewe atahesabu kuwa kapata mwengine. Nimewaona wa namna hiyo, wote wawili wakilia, kila mmoja kwa sababu yake.

Kwa mtu wa hali hii mlalo mbaya kuliko yote ni chali, kwa kuwa ulimi huangukia nyuma. Ubavu humpa nafuu. Huenda mumeo anaporudi kutoka mkekani humkuta mtoto keshajinyoosha, akalala chali palipobaki, na hapo ndipo mkoromo unapoanza. Kwa maneno mengine, mgongo ule unaokuliza pengine ndio unaomfanya apumue. Akiwa kakupa mgongo na yuko kimya, anapumua sawasawa, tafadhali usimvute ageuke.

Sijamuona mumeo, na ugonjwa hautolewi kwa barua. Fanya hivi: usiku mmoja akianza, washa simu, irekodi sauti kwa dakika tano, na kila inapokuja kimya hesabu sekunde mpaka pumzi irudi. Mchana mtazame anavyosinzia, na muulize kuhusu kichwa asubuhi. Halafu mwende pamoja hospitali ya wilaya, au Mnazi Mmoja, na msomaji wa Pemba aende Abdulla Mzee pale Mkoani au iliyo karibu naye. Apimwe presha, sukari na uzito, na mwombe aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie daktari wewe ulichokisikia, maana yeye mwenyewe hajui, alikuwa kalala. Dawa ya hali hii hutegemea sababu: kwa mnene ni kupunguza uzito, kwa mwengine ni mafindofindo au pua iliyoziba, na kwa hali nzito kuna mashine inayosukuma hewa kwa barakoa usiku. Vidonge vya usingizi asiguse, huzidi kulilegeza koo. Na kama anasinzia akiwa kwenye pikipiki, au ameshika mashine ya boti usiku, msisubiri wiki ijayo. Kifua kikimbana, nendeni saa hiyo hiyo.

Turudi kitandani. Katika chumba chenu, mlalo mmoja tu ndio uliopangwa na mtu aliye macho ili useme jambo, nao ni wa kwako. Mto umeugeuza wewe, miguu umeielekeza wewe, na ukasubiri asome. Unajua amesoma nini? Pengine amesoma kwamba umemkimbia kwa mkoromo, akaona aibu kuuliza. Pengine kwamba harufu ya samaki haijatoka. Wanaume wanaorudi kutoka pwani huwaza hayo kuliko unavyodhani. Rudisha mto. Maneno yasiwe "kwa nini unanipa mgongo", kwa sababu hana jibu la hilo. Mwambie tu unapakumbuka pale mkononi mwake. Robo saa kabla ya usingizi, mtoto akiwa godoroni kwake, mkae karibu mzungumze, halafu joto likizidi kila mtu ajitafutie upepo wake. Mashuka mawili badala ya moja yanasaidia pia.

Je, anataka kuoa? Siwezi kukuapia kwamba hataki. Mgongo hautakwambia, ila mchana huenda ukakwambia. Anakula chakula chako na kukusimulia habari za bahari? Pesa ya matumizi inakuja vile vile? Simu anaiacha ovyo au kaanza kutembea nayo mpaka chooni? Mabadiliko ya ghafla mchana yana uzito kuliko miaka saba ya ubavu mmoja. Na njia iliyobaki ni kumuuliza, kwa upole, siku ambayo amelala vizuri.

Kuhusu kuhamwa malazini, hilo ni jambo la makusudi, lina sababu yake na maneno yanalitangulia. Hukumu zake waulize wanaozijua. Ninavyoona mimi, aliyeshuka kwa joto akapanda tena bado hajahama. Lakini kama mchana pia hasemi nawe wiki kwa wiki, hatoi matumizi, au anakutukana, usikae na picha za simu. Anza kwa wazee wa pande mbili, na ikishindikana, kwa kadhi. Akikunyanyulia mkono, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowasaidia waliopigwa na kudhalilishwa, na hapo usisubiri wazee. Na wewe mwenyewe mwezi mzima hulali. Ukiona wiki mbili zinapita unalia bila sababu na chakula hakipiti, uonwe na daktari wewe pia, usimpeleke yeye peke yake.

Udi uweke kando kwa sasa, kwa mwenye koo hilo moshi unawasha tu, hapo alisema kweli. Asumini haina neno, tandaza. Na ukishaurekodi huo mkoromo, niandikie kimya kirefu kabisa kilikuwa sekunde ngapi.